Plasta mu Kona ya Tele

1 Desemba 1998
Leo ziwa limefungwa. Hakuna mutu wa kutupa wavu mpaka tarehe moja ya mwezi wa tatu, njo sheria ya huku Zambia, samaki wapate kuzaa. Mitumbwi imegeuzwa matumbo juu pa muchanga wa Kashikishi, na wavuvi wamekaa juu yake kama kuku walionyeshewa. Hata harufu ya soko imebadilika.

Na mimi nimeanza hii kaye ya kuandikia siku zangu. Siku mume wangu Willy alitushusha huku, mimi na mutoto wetu Luse, aliniambia: "Bénie, kila kitu kitakachopita, andika. Nikifika nitasoma." Kisha akarudi Kilwa, kwetu Kongo ng'ambo ya ziwa, kulinda duka, juu ya vita wasoda wamejaa kule na nyumba isiyo na mwenyewe wanaingia. Mimi nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano tu. Lakini Kiswahili ninaandika.

Karatasi ya kukaa niliyopewa ku biro ya wageni inaisha tarehe 28 Februari. Nikiwa na barua ya kazi wataongeza. Nikikosa, nitavuka kurudi Kilwa na mutoto wa miezi saba, katikati ya wale wasoda. Nimehesabu: siku tisini.

2 Desemba
Mvua. Luse anaota jino. Sikufanya kitu.

3 Desemba
Nimepata kazi! Bik inaruka juu ya karatasi.

Asubuhi alikuja kijana fundi, jina lake Kangwa, akasimama pa lupango, kwenye ua wetu, na kuuliza kama hapa kuna Mukongomani anayejua Kibemba cha kweli, si kile cha kununulia samaki. Bana Chabu, mwenye nyumba, alinionyesha kwa kidole bila kuacha kufagia. "Huyu hapa. Mutoto wake analia kama pikipiki. Muchukue, tupumzike."

Tukaenda kwa ba Davison. Njo yeye mwenye tele ya hapa. Ni nyumba ya matofali nyuma ya soko, na mulingoti wa chuma, na sahani kubwa ya kupokea picha. Eko na kontra, mukataba, na chaneli ya Lusaka inayoitwa Mosi: anapokea programu zao, anazitupa hewani, na tele zote za Kashikishi na Nchelenge zinazinasa. Tele zenyewe hazifiki ishirini, lakini kila moja inaangaliwa na watu hamsini.

"Unasikia Kiswahili cha Lubumbashi?" aliniuliza.

"Nimekikulia, ba Davison."

"Na Kibemba umekitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, mama wa mama. Alikuwa mutu wa Puta, huku Zambia."

"Basi hautoki tena humu ndani."

Akanieleza. Chienge kuna tele ingine, ya Mukongomani mwenzangu, Zéphirin. Kontra ya Zéphirin ni na Tele Lufira ya Lubumbashi, na Lufira wanatoa teyatre, muchezo wa kuigiza, kila siku saa kumi na moja, ya karani wa treni aliyefukuzwa kazi na hajamwambia bibi yake aliyemuoa. Kila asubuhi anafunga karavati shingoni, anabeba mufuko, anaaga, kisha anaenda kukaa kwenye makaburi mpaka jioni. Watu wa Chienge wakija soko hawasimulii kitu kingine. Watu wa Kashikishi wanakufa na wivu, na sasa ziwa limefungwa, hawana hata kazi ya kuwasahaulisha. Ba Davison anataka kuivuta ile teyatre, na mimi niketi pa mikro nigeuze maneno kwa Kibemba.

Nikauliza, "Sasa na kontra ya Mosi?"

Akacheka mpaka koti likaruka. "Kontra inakataza kuonyesha alama ya wengine. Alama hatutaonyesha."

Mwezi wangu wa pili wa kazi, akasema, nikifanya vizuri, ataniandikia barua ya kazi. Willy, ukisoma hapa ujue nililia njiani nikirudi, na si kwa huzuni. Ni mutu mwema huyu.

4 Desemba
Hivi njo tunafanya. Kuna tele ndogo mezani inayonasa Lufira kwa sahani yake ingine. Nyaya zake hazikubali kuungana na mashine ya kutupa picha, basi Kangwa amesimamisha kamera mbele yake na kamera inaangalia tele. Alama ya Lufira iko juu, mukono wa kuume. Pale Kangwa amebandika plasta, ile ya kufungia kidonda. Mimi ninakaa pembeni na mikro, Luse mugongoni, na kila neno wanalosema ninalisema kwa Kibemba. Mwanamume, sauti nene. Mwanamuke, sauti yangu. Mama mukwe, ninabana pua.

Teyatre ikikaribia kuisha, Kangwa anakata picha kabla ya mutangazaji wa Lufira kutaja jina la chaneli yake. Anahesabu kwa vidole: tatu, mbili, moja, kwisha. Tunarudi Mosi kama watoto wazuri.

5 Desemba
Ku bomba la maji wanawake waliniachia nafasi ya mbele. "Huyu njo sauti!"

9 Desemba
Bana Chabu alirudi kutoka baa anakoangalia tele, akanishika mukono. Hajawahi kunishika mukono.

"Bénie. Yule karani eko na mutoto wa inje."

"Hapana, Bana Chabu. Hakuna mutoto mu ile teyatre."

"Utanifundisha macho yangu? Nimemuona! Kichwa kidogo, kinaruka-ruka mu dirisha la salo wanamokaa. Bibi yake amekaa palepale na haoni. Wanaume!"

Nilifikiri sana. Kisha nikaelewa: ni Luse. Kioo cha tele kilikuwa kinatuonyesha sisi, na kamera ikanasa kichwa chake mugongoni mwangu. Soko lote linasema karani anaficha mutoto mu bustani.

10 Desemba
Kangwa ametundika shuka nyeusi. Kichwa hakionekani tena. Sasa watu wanauliza mutoto amepelekwa wapi. Ba Davison aliniambia, "Waongezee neno moja tu. Sema mutoto ameenda kwa bibi yake kijijini."

Nilikataa. Nikasema, "Mimi ninasema vile wao wanasema. Nikiongeza leo, kesho nitapunguza, na mwisho sitajua teyatre ni yao au yangu."

Akaniangalia kama mutu anayepima kitambaa. "Umesoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa tano."

"Inaonekana."

Sijui alitaka kusema nini.

14 Desemba
Upepo kutoka ng'ambo. Siwezi kukaa. Nimefua nguo ambazo hazikuchafuka.

18 Desemba
Mama mumoja wa Kilwa, anayeuza vitenge, amevuka. Anasema Willy muzima, amekonda, anasalimia. Anasema wasoda wamechukua shule ya masista na wanalala mulemule. Nimemuuliza vitu vingi, alijibu vitatu. Willy amesema nisivuke hata akiniita yeye mwenyewe. Maneno gani hayo? Nani atamuita mutu kisha akatae asije? Nimezunguka lupango mpaka Bana Chabu akasema nitachimba muferezi.

25 Desemba
Noeli. Bukari ya mahindi na kuku, nusu kuku, kutoka kwa Bana Chabu. Aliweka sahani pa mulango na kuondoka kama mwizi.

31 Desemba
Zimebaki siku hamsini na tisa. Jino la Luse limetoka. Liko moja, chini, na anauma nalo kila kitu, hata mikro.

6 Januari 1999
Nilimkumbusha ba Davison barua. "Itakuja, mayo, mama, itakuja. Kwani unakimbia?" Ndiyo, ninakimbia. Sikusema.

11 Januari
Leo ba Davison alikuwa na furaha ya ajabu. Alituita mimi na Kangwa akatusomea nakala ya barua ambayo alituma Lusaka kabla ya Noeli, kwa wakubwa wa Mosi. Kwa Kiingereza, Kangwa alinigeuzia. Inamushitaki Zéphirin wa Chienge: kwamba kila siku ya Posho, Jumamosi, anaonyesha mupira wa Mosi bila kontra, kwamba anafunika alama ya Mosi kwa karatasi ya sukari, kwamba ni wizi na haya, na kwamba wakubwa watume mutu aone kwa macho yake.

Kangwa alikohoa. "Ba Davison, na sisi je?"

"Sisi nini?"

"Plasta."

"Ile ni plasta," ba Davison alisema. "Yule anatumia karatasi ya sukari. Hana hata adabu."

Tulicheka wote watatu. Usiku huu sicheki.

15 Januari
Mvua. Mvua. Barabara ya Chienge imekatika.

19 Januari
Luse ana moto kidogo mwilini. Nilienda naye kazini hivyohivyo. Alikohoa pa mikro, na leo watu sokoni wananiuliza kama mama mukwe ataumwa.

20 Januari
Moto umeshuka. Asante Mungu.

21 Januari
Nimeharibu.

Mvua ilianza saa kumi na upepo wa kung'oa mabati. Teyatre ilikuwa ile siku ambayo watu walingoja tangu Desemba: bibi ya karani anakwenda makaburini kupeleka maua kwa baba yake na anamukuta mume wake pale, na karavati, anakula mukate. Kashikishi yote ilikuwa mbele ya tele. Katikati, mulingoti ukaanza kuyumba. Kangwa akatoka mbio na kuukumbatia, kwenye mvua, na radi zinapiga, kwa sababu ukianguka picha inakufa. Nilimuona kwa mulango, amefumba macho, anasali.

Nikabaki peke yangu na mikro. Bibi akasema, "Miezi sita unaniaga kila asubuhi. Ulikuwa unaniaga kwenda wapi?" Nilisema hayo kwa Kibemba na machozi yakinitoka ya kweli. Sikuwa mu nyumba ya ba Davison tena. Nilikuwa pale makaburini. Kisha muziki, kisha mutangazaji akasema neno, na mimi nikaligeuza, kama ninavyogeuza kila neno, vizuri, kwa sauti ya kusikika: "Mumekuwa mukiangalia Tele Lufira, ya Lubumbashi. Asanteni kwa kubaki na Tele Lufira."

Hakuna vidole vya kuhesabu. Hakuna mutu wa kukata. Plasta ilikuwa palepale imefunika alama, na mimi ninaitaja kwa mudomo.

Kangwa aliingia amelowa mpaka mifupa, anacheka kwa furaha, kwa sababu mulingoti umesimama. Nilimwambia. Akaketi chini.

"Labda hakuna aliyesikia," alisema.

Tele zote za Kashikishi, kila moja na watu hamsini.

22 Januari
Mutu mumoja alisikia. Jina lake ba Fanwell. Ametumwa na Mosi kutoka Lusaka kwa ile barua ya ba Davison! Alikuwa njiani kwenda Chienge kumukamata Zéphirin, barabara imekatika, akalala hapa ku nyumba ya wageni, akafungua tele apumzike.

Alikuja saa tatu. Mutu mufupi, mupole, viatu vyake vimejaa matope, anakula muhindi wa kuchoma. Aliiangalia plasta muda mrefu. Akaibandua kona moja kwa ukucha, akaibandika tena.

"Ba Davison, hii ni nini?"

Na ba Davison akasema, mbele yangu, mbele ya Kangwa, "Bwana, mimi mwenyewe nimeshangaa. Nilikuwa na safari za biashara. Huyu Mukongomani nilimuweka afagie. Kumbe analeta mambo ya kwao."

Nilimuangalia mudomo. Ulikuwa mudomo uleule ulioniambia sitoki tena humu ndani.

Ba Fanwell akafuta vidole. "Basi aandike. Siku ya Mungu nitapumzika. Siku inayofuata nitaangalia mashine zote. Kisha nitachukua maneno yake, pa meza hii, na nyinyi wote mukisikia."

24 Januari
Kanisani sikusikia hata mustari mumoja wa mahubiri.

25 Januari
Ba Davison alikuja mwenyewe mpaka kwa Bana Chabu. Akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa, akamubeba Luse kwenye goti. Hajawahi kumubeba.

"Bénie, mwanangu. Ukiandika vile mimi ninasema, barua yako iko hapa." Akaitoa mufukoni. Kwa mashini ya kuandika, na jina langu: mutu wa kazi, tangu Desemba.

"Niandike nini?"

"Kwamba ulileta ile teyatre wewe mwenyewe. Mimi sikujua."

"Ba Davison. Barua inasema mimi ni mutu wako wa kazi. Na maneno yangu yatasema nilikuibia. Itakuwaje?"

"Zinaenda ku biro mbili tofauti. Moja inaenda Lusaka, ingine kwa wageni hapa Nchelenge. Hazitakutana hata siku moja." Akamurusha Luse juu, Luse akacheka, musaliti mudogo. "Wewe hawatakufanya kitu. Watasema Mukongomani tu. Mimi watachukua mashine. Kangwa atakula nini? Fikiri Kangwa."

Alinitamkia, nikaandika kwa Kiswahili, juu Kibemba sijui kukiandika. Ni Kiswahili kibaya anachojua, cha kununulia vitenge, mimi nilikinyoosha. Mimi Bénie Kasongo, Mukongomani, nilidanganya bwana wangu. Nilifanya hivi kwa siri. Ninaomba musamaha. Barua akairudisha mufukoni: "Kesho, ukimaliza kusoma."

Akiisha kwenda, Bana Chabu alitoka nyuma ya jiko. Alisikia yote, kwa hakika.

"Utasoma hiyo?"

"Sijui."

"Soma. Ukweli utamupikia mutoto nini? Chukua barua yako." Kisha akapiga mwiko pa sufuria. "Lakini yule mwanamume sitamuuzia tena mboga. Hata ile ya kunyauka."

26 Januari
Nitaandika pole pole, nisisahau.

Meza, ba Fanwell na mashini ndogo ya kuandika. Ba Davison amesimama pa dirisha, koti zuri. Kangwa pa mulango, bado anakohoa tangu ile mvua. Mimi kwenye kiti, Luse magotini, karatasi mukononi.

"Imeandikwa kwa Kiswahili," ba Fanwell alisema. "Mimi sikisomi. Nani atanigeuzia?"

Kangwa akasema, "Bwana, mu Kashikishi hii anayegeuza ni yeye tu."

Ba Fanwell akacheka kidogo. "Basi geuza maneno yako mwenyewe, mayo. Wewe sema Kibemba, mimi nitapiga Kiingereza."

Nikaangalia mustari wa kwanza. Mu Kiswahili, jana, ilikuwa kuandika tu, kama kunakili ubao wa masista. Lakini sasa ilikuwa kusema, kwa Kibemba, kwa ile sauti ambayo soko lote linaijua. Na ile lugha bibi yangu alinipa nikiwa mugongoni kwake, sijawahi kusema ndani yake kitu ambacho hakikusemwa. Miezi miwili nimegeuza uongo wa karani kwa ukweli wote. Nikafungua mudomo, macho yakiwa kwenye karatasi, kidole kikifuata mustari, na nikasema:

"Mimi ni Bénie Kasongo. Ninafanya kazi mu tele ya ba Davison tangu tarehe 3 Desemba. Kazi yangu ni kugeuza Kiswahili kwa Kibemba. Ba Davison aliniita, ba Davison alinionyesha teyatre ya Lufira, na plasta ilibandikwa kwa neno lake. Kangwa alifanya vile alivyoambiwa. Kutaja jina la Lufira tarehe 21, hilo njo kosa langu mimi, na lilinitoka juu ya kufanya kazi vizuri."

Mashini ilikuwa inalia tak tak tak. Njo mara ya kwanza mu maisha yangu nimegeuza vibaya. Hakuna hata neno moja lililolingana na karatasi, isipokuwa jina.

Ba Davison alikuwa amegeuka kijivu. Alisogea hatua moja. "Bwana, hiyo si..."

Ba Fanwell akainua kichwa. "Si nini? Unajua kilichoandikwa humo?"

Willy, nilimuona akihesabu. Akisema anajua, ataulizwa amejuaje.

"Sijui," alisema.

Luse alikuwa ameikamata karatasi. Akaipeleka kwenye jino lake. Sikumuzuia. Ba Fanwell akanyoosha mukono aichukue, ikatoka nusu, imelowa, wino umekuwa supu.

"Mutoto amekula ushahidi," akasema. "Haidhuru. Ninayo hii." Akaivuta kutoka mashini. "Weka jina hapa, mayo. Na wewe, ba Davison, weka jina kwamba umesikia. Si kwamba umekubali. Kwamba umesikia."

Ba Davison akaandika jina. Kalamu ilitoboa karatasi. Ba Fanwell akapiga kashe ya Mosi chini, muhuri wa muviringo wa rangi ya bluu.

Nikasimama kutoka, kisha nikarudi. Kwetu mutu hatoki ku biro mikono mitupu. "Bwana, na mimi nakala yangu?"

"Nakala ya nini? Ya kujishitaki?"

"Nakala tu. Yenye kashe."

Alishangaa, lakini alikuwa ameweka karboni na karatasi ingine chini. Akanipa ya chini, akaigonga kashe na yenyewe. Pale mulangoni ba Davison alinipitia karibu. Akatoa ile barua ya kazi, akaipasua mara mbili, akaniwekea vipande kwenye kiganja, taratibu, kama mutu anayetoa sadaka.

27 Januari
Ba Fanwell hakuchukua mashine. Ameacha onyo: Mosi peke yake, na sahani ingine ishushwe. Kangwa amebaki na kazi. Teyatre imekwisha. Mimi sina barua.

29 Januari
Ku bomba walinisogeza nyuma. "Mutoto wa watu ametunyima hata mwisho wa karani." Mama mumoja akatema mate karibu na ndoo yangu.

Bana Chabu alikuwa nyuma yao. "Mwenzenu amesema kweli mbele ya mutu wa Lusaka. Nyinyi mumesema nini lini?" Akabeba ndoo yangu mwenyewe mpaka nyumbani, akilalamika njia yote kwamba ninajaza mno.

6 Februari
Mvua.

7 Februari
Mvua. Luse amesimama kwa kushika mukeka. Alianguka. Alisimama.

12 Februari
Yule mama wa vitenge alivuka tena. Kilwa kuna mizinga ya kusikika kutoka upande wa Pweto, si kila siku. Willy muzima. Duka limefungwa, anataka kuja lakini wasoda wamechukua injini za mitumbwi yote. Anasema: "Bénie abaki." Kubaki kwa karatasi gani?

16 Februari
Nimeuliza kazi ku duka la chumvi, kwa masista wa Nchelenge, kwa mushona nguo. Wote wananijua sauti. Hakuna anayehitaji sauti.

20 Februari
Ninaamka, ninakunja nguo za Luse mu mufuko, ninazikunjua. Kila siku hivi.

25 Februari
Nimehesabu vibaya! Tarehe 28 ni siku ya Mungu. Biro imefungwa, na siku ya Posho pia. Kesho njo mwisho. Mimi na siku zangu tisini!

26 Februari
Bana Chabu alisema anakuja. Nikasema hapana. Akavaa viatu.

Alibaki inje na Luse, chini ya paa la biro. Ndani, ofisa mwenyewe, ba Mwaka, mutu wa miwani, sauti ya kuchoka. Akaangalia karatasi yangu.

"Inaisha keshokutwa. Barua ya kazi?"

"Nilikuwa nayo, bwana. Ilipasuliwa."

"Basi hauna."

"Bwana, niko na karatasi zingine."

Nikamwaga mufuko mezani. Vyote vyenye kashe nilivyo navyo: karata ya chanjo ya Luse, ya ubatizo, tikiti ya soko, karatasi ya kuvukia, cheti cha mwaka wa tano chenye muhuri wa masista. Akacheka, bila ubaya. "Nyinyi Wakongomani na mihuri yenu." Akaanza kunirudishia moja moja. Kisha akasimama pa ile nakala yenye kashe ya bluu. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, mudomo ukitembea.

"Hapa unasema bwana wako alikutuma kuchukua programu za wengine."

"Ndiyo, bwana."

"Na hapa unasema unafanya kazi kwake tangu tarehe 3 Desemba. Kugeuza lugha."

"Ndiyo, bwana."

"Na hii jina ni yake? Ameandika kwamba amesikia?"

"Ni yake. Kalamu ilitoboa."

Akainua karatasi kwenye dirisha, akaona tundu. "Na hakubisha." Akafikiri. "Alikufukuza?"

Nikafungua mudomo niseme ndiyo. Kisha nikajiuliza. Alipasua barua. Lakini kusema neno, hakusema. "Hakuna aliyeniambia, bwana."

"Alikupa barua ya kukufukuza?"

"Hapana."

"Basi hajakufukuza." Akavuta sanduku la wino. "Mutu akisema mbele ya kashe kwamba eko kazini, na bwana wake ameweka jina, mimi nitamukatalia nini? Miezi sita. Lakini mwezi wa nane nitataka uje na barua safi, si hii ya mambo ya polisi."

Alipiga. Ile sauti, Willy! Meza ilitikisika.

Inje Bana Chabu alinikodolea macho, Luse akimuvuta hereni. Nikamuonyesha karatasi, japo hajui kusoma, akaweka kidole juu ya wino kuona kama ni mubichi. Ni mubichi. Akapaka ile alama ndogo kwenye paji la Luse na kusema, "Na huyu je? Na huyu abaki."

Tukarudi kwa miguu, mvua ikianza tena, hakuna aliyekimbia. Sokoni wavuvi walikuwa wanageuza mitumbwi, wanaziba nyufa.

Ziwa linafunguliwa tarehe moja. Siku hiyohiyo, asubuhi saa moja, nitakwenda kwa ba Davison. Nitabisha hodi, nitavua viatu pa mulango, nitamusalimia vizuri, na nitauliza kazi ya leo ni ipi. Akisema sina kazi, nitamuomba aandike hivyo.